Ndege Aliyehamisha Watu

Kipo kisiwa kiitwacho Hifadhini, na mtu asijisumbue kukitafuta kwenye ramani, maana wachora ramani waliombwa wasikionyeshe, asije mtu akaenda kumsumbua ndege. Huko ndiko alikokwenda Msabaha, mchimba visima, mwaka ule aliofiwa na mkewe. Alifikaje, hilo si la kutupotezea muda. Alifika amechoka, ana kifurushi kwapani na kinyongo kifuani, na kilichokuwa kizito ni hicho kinyongo.

Mkewe, Siwatu, alizaliwa Hifadhini. Alifia kwao Msabaha, kwenye benchi la hospitali, siku ambayo daktari na wauguzi wote walikuwa wamepangwa mstari barabarani kumpungia mikono mkubwa mmoja aliyekuja kuzindua jengo jipya la hospitali hiyo hiyo. Mkubwa akakata utepe, watu wakapiga makofi, Siwatu akakata roho. Tangu siku hiyo Msabaha hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye muhuri. Shule aliishia darasa la nne, lakini kuyajua makosa ya wakubwa hakukuhitaji mwalimu.

Kilichompeleka Hifadhini ni jambo moja: kumwambia mama mkwe wake, uso kwa uso, kwamba mwanawe hayupo tena.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa karani wa Idara, mwanamke wa makamo aitwaye Jokha, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Umekuja kufanya nini, kaka?"

"Nimeleta habari ya msiba kwa mama mkwe wangu."

Jokha akapitisha kidole kwenye kitabu, juu mpaka chini. "Msiba hauna fungu hapa. Fungu ni moja tu, la kumtazama Adimu. Nikuandike mtazamaji?"

"Adimu ndiye nani?"

"Ni ndege."

"Mimi sikuja kutazama ndege."

"Kwani yupo anayemwona? Wewe kubali uandikwe, upite. Siku ya kuondoka utasimama mbele ya Baraza useme kama ulimwona au hukumwona, na kama ulimwona, ni wapi. Hujasema hayo, huondoki."

Basi akaandikwa mtazamaji, akapita.

Sheria za kisiwa kile alizisikia moja moja, na kila moja ilimsimamisha njiani kidogo. Iliyo kubwa ni kwamba mahali popote Adimu atakapoonekana, binadamu wapahame ndani ya siku tatu, na vyungu vyao na kuku wao, wasirudi. Kwa maana ndege yule, walisema, hapatikani penginepo chini ya mbingu ila kwenye msitu wa Hifadhini, tena ni msiri mno, hapendi kuonwa. Watumishi wa Idara ya Adimu wenyewe ni marufuku kuingia msituni, wasije wakamshtua. Kwa hiyo taarifa ya kila mwaka juu ya hali ya ndege hunakiliwa kutoka taarifa ya mwaka uliopita, kisha husomwa kwa makini. Lango la msitu lina askari, naye ameamriwa asimame akiwa ameupa msitu kisogo, kwa sababu hatari, wanasema, hutoka upande wa watu.

Lakini jambo lililowagawa wakubwa wa Hifadhini kwa miaka kumi na mmoja lilikuwa mkia. Kwenye bendera Adimu amechorwa mkia juu. Kwenye kofia za askari amechorwa mkia chini. Wakatokea Wamkiajuu na Wamkiachini, kila kundi na ofisi yake, gari lake na dereva wake. Hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyewahi kumwona ndege huyo, na hilo, walisema, ndilo linalowawezesha kujadili bila upendeleo.

"Huku nako wapo," Msabaha akajisemea. Alikuwa amedhani kwao tu.

Mama mkwe wake, Bi Kazija, alikuwa kambini Changaraweni. Watu wa hapo ndio waliokuwa watu wa msitu. Walitolewa msituni kwanza, kisha bondeni, kisha ukingoni mwa kijito. Kila walipofika na kulima, mwaka hauishi akatokea mtu na barua kwamba Adimu ameonekana kwao, wapishe. Sasa walikuwa ufukweni juu ya kokoto, mahali ambapo hata muhogo ulitoka mwembamba kama kidole cha mgonjwa. Udongo waliupata kwa kupepeta.

Alimkuta akipepeta. Bibi mfupi, mgongo umepinda, ungo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu?"

"Ni Msabaha. Mume wa Siwatu."

Bi Kazija alitazama nyuma ya mgeni kuona nani anamfuata. Hapakuwa na mtu. Akauweka ungo chini taratibu.

"Usiseme bado," alisema. "Kaa kwanza."

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akasimama mpaka mgeni akanywa yote. "Haya. Sasa sema."

Akasema.

Kilio cha sauti Hifadhini ni mpaka kibali, kwa kuwa Adimu hapendi kelele, na kibali huchukua mwezi na kitu. Wanawake wa Changaraweni wakaingia na Bi Kazija ndani, wakajaza vinywa ncha za kanga, wakalia hivyo hivyo. Msabaha alikaa nje akikisikiliza kilio kisichotoka. Kwao, pamoja na ubaya wao wote, walau walimwacha alie.

Siku ya nne aliomba jembe, maana mikono yake haikujua kukaa bure. Nyuma ya jiko la Bi Kazija palikuwa na kitalu cha udongo uliokusanywa kwa miaka, si kikubwa kuliko mkeka wa watu wawili, udongo wake umegandamana. Akaanza kuupindua. Alipogeuka kujifuta jasho, aliona ndege anamfuata hatua mbili nyuma: wa kahawia, mkubwa kuliko njiwa, mdogo kuliko tetea, miguu mirefu ya kijivu, na doa jeupe juu ya kila jicho kama aliyepakwa chokaa. Alichakura udongo mbichi, akaokota funza, akatembea mkia juu. Msabaha aliposimama, naye akasimama, mkia ukashuka, akatega sikio. Jembe likaenda, naye akaenda.

Wanawake uwanjani walikuwa wameacha kupepeta. Kisha akaja mbio Vuai, binamu wa marehemu Siwatu, mtu mwembamba wa maneno mengi, akamfunika ndege kwa karai, akalikalia.

"Umeona nini, shemeji?"

"Nimeona ndege."

"Siyo. Jaribu tena."

Msabaha akamtazama. "Nimeona kuku?"

"Kuku ni sawasawa kabisa. Mama, mkweo huyu ana kichwa. Darasa la nne la kwao si baya."

"Toka juu ya karai, utamkosesha pumzi," alisema Bi Kazija. Vuai akatoka, ndege naye akatoka, akajikung'uta, akarudi kwenye udongo kama mtu aliyekatizwa chakula.

"Huyo ndiye Adimu wao," bibi akamwambia Msabaha. "Sisi tunamwita kichakuro. Wako kama ishirini hapa. Wengine wako chini ya kitanda cha Vuai."

"Wanasema ni msiri."

"Msiri gani? Hajaficha hata unyoya tangu azaliwe. Wanaomficha ni sisi."

"Kwa nini hakai msituni kwake?"

"Akikaa, nani atamchimbulia? Bibi zetu walilima kule vipande vidogo vidogo, naye nyuma ya jembe. Walipotutoa, alitungoja siku mbili tatu, kisha akatufuata. Bondeni akaja. Kijitoni akaja. Akionekana, tunahamishwa, tukihamishwa, anatufuata. Wao wanadhani wanampa nafasi."

"Mngewaeleza."

"Nilikwenda kuwaeleza. Waliita semina. Nikapewa kofia na soda, nikaambiwa maoni yangu yamepokewa."

Vuai akacheka. "Kofia anayo mpaka leo. Anachotea mchele."

Bi Kazija hakucheka. Alikuwa akimtazama ndege. "Mara ya tatu walinibeba kwa machela, mkwe wangu. Mara ya nne sihami. Watakaponinyanyua hapa, watakuwa wananipeleka aliko mwanangu. Kwa hiyo siku yako ikifika mbele ya wale, sema hukuona kitu."

"Nitasema hivyo, mama."

"Kula kiapo."

"Kwa kaburi la Siwatu."

Siku ikafika. Baraza lilikaa kwenye jengo la Idara, jeupe, madirisha makubwa, na nje ya madirisha bustani iliyonyweshwa mchana kutwa. Msabaha aliwekwa kwenye kiti cha ubavuni kungoja, maana mjadala wa mkia ulikuwa haujaisha. Mheshimiwa mmoja alikuwa anasema kwamba mkia juu ni dalili ya uhuru wa taifa. Mwenzake akajibu kwamba mkia chini ni dalili ya adabu, na taifa lisilo na adabu uhuru wake ni wa nini. Wakaleta chai. Wakanywa chai. Mkuu wa Idara, Mheshimiwa Shaibu Ngoda, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akamwita Msabaha mbele. Jokha alikuwa pembeni na kalamu.

"Bwana Msabaha. Ulimwona Adimu?"

Msabaha akafungua kinywa aseme hapana. Lakini Mkuu alikuwa hajamaliza.

"Kabla hujajibu, ni haki yako kujua. Waliokutangulia tisini na tisa wote hawakumwona. Wakitimia mia, kanuni inataka msako. Tutaanza Changaraweni kesho asubuhi. Nyumba kwa nyumba, tutainua kila karai."

Alisema neno karai kwa mfano tu, masikini, kama ambavyo angesema sufuria. Hakujua alichosema. Msabaha aliona vitanda vinapinduliwa. Aliona machela.

Akageuza macho dirishani. Mtunza bustani alikuwa amepiga magoti kwenye maua, akipalilia udongo mweusi, mnene, uliochukuliwa bila shaka mahali fulani walipotolewa watu fulani. Kile kinyongo kikapanda mpaka kooni, kikatoka na maneno.

"Nimemwona."

Vikombe vikawekwa chini.

"Wapi?"

"Hapo. Chini ya dirisha lako, mheshimiwa. Asubuhi hii nikingoja kuitwa."

Kiongozi wa Wamkiachini akasimama. "Elimu yako?"

"Darasa la nne."

"Mtu wa darasa la nne anaweza kumtambua Adimu?"

"Kumtambua sijui. Mimi nilimwona."

"Yukoje?"

Msabaha akaeleza: kahawia, miguu ya kijivu, doa jeupe juu ya jicho. Wakatazamana. Kisha yule bwana akauliza kwa sauti iliyopungua nguvu, "Na mkia?"

Hata Jokha aliinua kalamu.

"Akitembea, mkia juu. Akisimama kusikiliza, mkia chini."

Pande zote mbili zikapiga makofi, kila upande kwa nusu yake. Mzee mmoja wa Wamkiajuu alifuta machozi.

Msabaha akangoja. Sheria alikuwa anaijua: ndani ya siku tatu, binadamu wapahame. Amewafunga kwa kamba yao wenyewe. Alitaka kuona nyuso zao zikielewa, walau hiyo, kwa miaka yote aliyosimama foleni zao.

Uso wa Mkuu ulielewa, na ukatabasamu.

"Waheshimiwa, sheria ni sheria," alisema. "Tutapisha. Kwa kweli jengo hili lilishakuwa dogo. Napendekeza Idara ijengewe makao mapya Changaraweni. Kuna upepo mzuri."

Wote wakaafiki.

Msabaha akapiga hatua mbele. "Kuna watu kule, mheshimiwa."

"Watahamishwa kwa utaratibu."

"Wapi?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria wapi. Mkuu akamgeukia karani. Jokha akafunua kitabu chake, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka. "Bondeni hapana nafasi, mheshimiwa, pana nyumba zenu za mapumziko. Na kijitoni pana shamba lako."

"Sisi kisheria ni walinzi," Mkuu akamweleza Msabaha, asije mgeni akaelewa vibaya.

"Ila ipo kanuni ya ishirini na sita," Jokha akaendelea, macho kwenye kitabu. "Inasema Adimu huwa mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Sasa yuko bustanini, imethibitishwa. Kwa hiyo msituni hayupo. Na ardhi asipokuwapo Adimu ni ardhi isiyo na kazi. Wangepelekwa huko."

"Msituni?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni mbali. Hakuna barabara."

"Pana mbu?"

"Wengi sana."

"Basi waandikie."

Jokha akaandika, akagonga muhuri, akampa Msabaha nakala. Miwani yake iliteremka kidogo, macho yao yakakutana mara moja, naye akairudisha juu, akaita jambo linalofuata. Kama alijua alichokifanya, hakuna atakayemthibitishia Msabaha. Naye alilazimika kupeana mikono na waheshimiwa wote kumi na saba, mikono laini kama maandazi, kila mmoja akimshukuru kwa mchango wake. Hakuna hata mmoja aliyepoteza kitu.

Njia nzima ya kurudi alitafuta namna ya kusema. Alimkuta Bi Kazija mlangoni.

"Nimevunja kiapo, mama. Nimesema nimemwona."

Bibi akashika mwimo wa mlango.

"Nilisema yuko kwao, bustanini. Nilitaka wao ndio wahame. Sasa wanahamia hapa, na nyinyi mnatolewa."

"Tunapelekwa wapi?"

"Msituni."

Vuai, aliyekuwa amekaribia, safari hii hakuwa na mzaha.

"Wameandika?" bibi akauliza.

"Wameandika. Na muhuri upo."

"Lete nione."

Hakujua kusoma. Alipitisha kidole gumba juu ya wino wa muhuri, mara ya kwanza, mara ya pili, akaona kidole kimetoka na rangi. Akaenda kuteremsha vyungu.

Siku ya tatu waliondoka asubuhi, watu sitini na wanne, mstari mmoja. Machela ililetwa, Bi Kazija akaikataa, akasema waitumie kubebea mitungi. Walipopita mbele ya Idara waliona bustani imezungushiwa waya, na askari wawili wamesimama wakiyapa maua kisogo. Vuai alitaka kuuliza wamemfungia nani humo. Bi Kazija akamwambia ale muwa wake, anyamaze.

Vichakuro wengi walikuwa wametangulia wenyewe vichakani. Mmoja alikataa kukata njia. Alitembea barabarani katikati ya kuku, mkia juu, karibu na jembe lililokuwa begani kwa Vuai, na watu sitini na wanne hawakumwona.

Langoni palikuwa na askari Pandu, mtu wa umri mkubwa, viatu vimeachama, juu ya kofia yake ndege wa Taifa mkia chini. Aliisoma barua kwa midomo, akachukua daftari, akaanza kuhesabu, kwa kuwa kila kinachopita lazima kiandikwe. Watu akawamaliza. Mbuzi akawamaliza. Akainama kwa kuku, kalamu ikimwelekea mmoja mmoja. Msabaha, aliyesindikiza mpaka hapo, akaifuata kalamu kwa macho. Kalamu ilisimama juu ya yule wa mwisho. Ndege naye alisimama, mkia ukashuka, akamtegea Pandu sikio.

"Kumi na watatu," Pandu akasema.

"Kumi na watatu, baba," akajibu Bi Kazija. "Tupishe, hao hawajala."

Msabaha hakuruhusiwa kupita. Karatasi yake ya mtazamaji ilikuwa imeisha kazi. Alitakiwa aondoke kisiwani siku hiyo hiyo. Bi Kazija akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Siku ukirudi, nitakuonyesha alipozaliwa Siwatu. Jiwe la mlango litakuwapo."

"Hawataniruhusu, mama. Msiba hauna fungu."

"Waambie unakuja kutazama ndege."

Wakaingia. Pandu akafunga lango, akaliegemea, akaupa msitu kisogo kama alivyoamriwa.

"Mimi mwaka wa kumi na nane huu nimesimama hapa," alisema. "Sijabahatika hata kumsikia. Kweli, bwana, ulimwona kule kwenye maua?"

Nyuma yake, hatua kama ishirini ndani ya miti, Bi Kazija hakuwa ametua hata mzigo. Alikuwa amempokonya Vuai jembe, akaipiga ardhi mara moja, kuona kama ni ile ile. Udongo ukapinduka mweusi. Yule wa barabarani akaufikia kwanza, kisha wakatoka wawili vichakani, kisha wanne, vichwa chini, mikia juu, wakichakura miguuni pa bibi yule mzee aliyekuwa analia kwa sauti yake yote, bila kibali.

"Nani analia?" Pandu aliuliza bila kugeuka.

Msabaha alitaka kumwambia ageuke. Mtu mwenyewe hakuwa mbaya; hakuwa na gari wala dereva. Lakini juu yake alikuwapo mwingine, na juu ya huyo mwingine tena, mpaka kule kwenye chai.

"Ni mama mkwe wangu," alisema. "Amefiwa na mwanawe."

"Pole zake," akasema Pandu, akavua ile kofia.